Bamba la Shaba

Osea Nzowa alivijua vidoti vyake vilivyokufa kama mtu anavyoyajua mapengo ya kinywani mwake. Vilikuwa kumi na tisa. Kimoja kilikaa peke yake juu kabisa pembeni, vinne vilijipanga kama watoto wanaosubiri uji, na vilivyobaki vilitawanyika huku na huku kwenye ule ubao mweusi uliotundikwa ukutani, chumba cha eksirei, hospitali ya misheni, huku kwetu Mbozi, upande wa Itaka. Kila asubuhi kabla hajamwita mgonjwa wa kwanza aliwasha kompyuta, akafumba macho, akaomba kwa kifupi, akafumbua, akavihesabu kwenye kioo chake. Vikiwa kumi na tisa, alisema, "Asante Bwana." Siku vikizidi, alikosa raha mpaka jioni.

Hakuwa msomi. Alimaliza darasa la saba, akaanza pale hospitalini kwa kufyeka majani. Baadaye mzee aliyekuwa akipiga picha enzi zile alimwona ana mkono mtulivu, akamvuta ndani amsaidie kuosha picha kwenye mabeseni ya dawa. Miaka ishirini na zaidi Osea aliosha picha za mifupa ya watu, mpaka vidole vyake vikawa na rangi ya chai ya rangi. Halafu, mwaka 2011, akaja Raphaeli.

Raphaeli alikuwa Mzungu mzee, mpole, mrefu kiasi kwamba kila mlango wa hospitali aliuingia ameinama kama anayesalimia. Kwao alikuwa amefanya kazi maisha yake yote na watu wanaogonganisha chembe. Ni chembe ndogo kuliko vumbi, ndogo kuliko chochote ambacho jicho limewahi kukiona. Wanazikimbiza chini ya ardhi mpaka zigongane, kisha wanatega ubao wa kuziona zikipita. Ubao huo umejaa vidoti, wenyewe wanaviita pikseli, maelfu kwa maelfu, na kila kidoti ni kijicho. Chembe ikipita, kijicho kinasema, nimeiona. Raphaeli alipostaafu aliomba mabaki ya kazi ile, akayaunganisha na wanafunzi wake ukawa ubao wa kupigia picha za vifua, akauleta Mbozi kama sadaka yake.

"Lakini Osea," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "macho haya hayako sawa."

"Ni mabovu?"

"Si mabovu. Ni kama kwaya. Huyu anaimba kwa nguvu, huyu anaimba kidogo. Mwanga ni ule ule mmoja, lakini huyu anasema kumi, huyu anasema nane. Wewe ndiye mwalimu wa kwaya. Lazima uwasawazishe."

Osea, ambaye kanisani aliimba sauti ya nne, alielewa hapo hapo.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Raphaeli alileta bamba la shaba, pana kama sinia ya kupepetea mchele, jembamba kama gamba gumu la daftari. Kila baada ya miezi sita Osea alilitundika mbele ya ubao, akatoka nje ya chumba, akafyatua mashine. Kwa kuwa shaba ile ilikuwa na unene mmoja kila mahali, vidoti vyote vilitakiwa vijibu namba moja. Kilichojibu kwa wingi, kompyuta ilikipunguzia. Kilichojibu kidogo, ilikiongezea. Kilichonyamaza kabisa kiliandikwa kuwa kimekufa, na mahali pake wakaazimwa majirani zake waseme kwa niaba yake. Tangu hapo kila picha ya kila mgonjwa ilipitia kwenye hesabu ile.

"Mashine haijui kitu," Raphaeli alisema. "Inaamini shaba tu. Shaba ikisema uongo, mashine itasema uongo kwa kila mtu. Bamba hili ni la kufuta vumbi kwa kitambaa laini, basi."

Osea alilifunga bamba kwenye shuka la zamani akalisimamisha nyuma ya kabati. Raphaeli akarudi kwao. Mwaka 2013 ikaja barua ya binti yake kwamba mzee amelala usingizi wa milele. Osea alilia kama aliyefiwa na baba mdogo, kisha akabaki na ubao, bamba, na daftari aliloandika maelekezo kwa kalamu ya bluu. Ulimwenguni hapakuwa tena na mtu wa kumwuliza.

Mwaka uliofuata, kiangazi, mdogo wake Boazi akazidiwa na kikohozi.

Boazi alikuwa kitinda mimba. Mama yao alifariki mtoto ana miaka sita, na Osea, akiwa ndio kwanza ameoa, akamchukua. Mkewe Tabita alimlea Boazi kabla hajajaliwa mtoto wake mwenyewe, kwa hiyo shemeji alikuwa jina tu, mapenzi yalikuwa ya mama. Kijana alipokua akasikia habari za dhahabu, akateremka Galula na Mkwajuni, na huko mashimoni akakaa miaka kumi na mitano. Kazi yake ilikuwa kusaga mawe. Alikuwa akirudi Krismasi na nywele nyeupe za unga wa mawe, anachekesha watoto kwamba amezeeka barabarani.

Osea alipanda pikipiki akaenda kumfuata. Alimkuta ameegemea ukuta, anapumua kama aliyetoka kupanda mlima.

"Kaka, umekuja kunizika au kunichukua?"

"Nimekuja kukuchukua. Funga mdomo, utamaliza pumzi."

"Pumzi yenyewe imeshaisha, hii naazima."

Safari ile ilichukua siku tatu, kwenda na kurudi. Kwa ajili ya mgonjwa ilibidi wapumzike njiani. Na katika siku hizo tatu, pale hospitalini, akina mama wa kanisa walifanya usafi mkubwa, maana askofu alikuwa anatarajiwa Jumapili.

Osea aliporudi, vidoti vilivyokufa vilikuwa vimefika ishirini na sita, na miezi sita ilikuwa imetimia. Alitaka picha ya mdogo wake itoke safi kuliko picha zote alizowahi kupiga. Akamwambia Boazi akae kwenye benchi, kwanza asawazishe ubao. Alipofungua shuka akakuta bamba linang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Doa la kijani lililokuwa katikati halipo, na ile kona ya juu kulia iliyokuwa imekunjika kidogo imenyooka. Alifurahi. Alidhani ni mmoja wa wauguzi. Akalitundika, akatoka, akafyatua. Kompyuta ikafanya hesabu zake, ikafuta zile za zamani kama ilivyo desturi yake, ikaweka hizi mpya.

Akamwita Boazi, akamsimamisha kifua kikiwa kimegusa ubao, mikono kiunoni.

"Vuta pumzi. Shikilia."

"Nishikilie ipi, kaka?"

Picha ilipotokea Osea aliinamia kompyuta. Upande wa kulia, juu, chini kidogo ya mfupa wa bega, palikuwa na wingu jeupe, kubwa kuliko yai la bata. Pafu zima huonekana jeusi. Weupe ni kitu kilichokaa mahali pasipo pake, na Osea alishaona mawingu ya kutosha kujua.

Daktari Ambilikile, kijana wa Rungwe aliyekuwa ndio kwanza ana mwaka pale, aliitazama muda mrefu. Akaagiza makohozi yapimwe. Majibu yakarudi, hakuna kifua kikuu. Akamwita Osea pembeni.

"Mzee, laiti ingekuwa kifua kikuu. Kile kina dawa, miezi sita mtu anapona. Makohozi yake ni safi, na amesaga mawe miaka kumi na mitano. Kama wingu hili ni la kweli, basi ni vumbi la mawe. Limeganda ndani na pafu limekuwa gumu. Hilo sina dawa yake mimi, na huko Mbeya hawana, wala Dar es Salaam."

"Kama ni la kweli," Osea akarudia, bila kujua kwa nini ameshika neno hilo.

Siku ya pili akaja mama mmoja aliyeanguka na kuumia ubavu. Ubavu mzima, lakini juu kulia, wingu. Akaja mwanafunzi wa sekondari anayehitaji picha ya kujiunga na chuo, kijana wa kucheza mpira, wingu. Akaja mama wa watoto watano kutoka Itaka, naye wingu, na huyo alilia, akarudi nyumbani akawagawia dada zake vitenge vyake vyote. Watu kumi na moja kwa wiki moja, wote wana wingu mahali pale pale. Osea akazipanga picha zao zote, akazilinganisha. Akafunga mlango, akamwonyesha muuguzi kitufe, akasimama yeye mwenyewe mbele ya ubao.

Naye alikuwa nalo.

Alipiga magoti pale sakafuni. "Bwana, asante, ni mashine! Ni mashine, Bwana!" Muuguzi akamshangaa. Hajawahi kuona mtu anashukuru kwa mashine kuharibika.

Jioni hiyo alifika nyumbani mwepesi kama kijana. Boazi alikuwa ameketi uani juani na blanketi mabegani, Tabita anachambua maharage.

"Mama Luka, lile bamba langu la shaba, unajua nani alilishika?"

Uso wa Tabita ukachanua. "Kumbe umeona! Nikasema huyu mwanamume hatasema hata asante. Lilikuwa na kutu ya kijani, Baba Luka, aibu tupu, na askofu anapita. Nimelisugua kwa majivu, nikalisugua kwa mchanga. Na kona ilikuwa imejikunja, nikaliweka barazani pale hospitalini nikaligonga kwa lile jiwe la kuzuia mlango, polepole, mpaka likanyooka."

"Ukaligonga."

"Nikaligonga. Mara mbili tatu hivi." Akamtazama. "Nimekosea?"

Osea alimweleza taratibu. Pale jiwe lilipotua shaba imebonyea ikawa nyembamba, mwanga ukapita kwa wingi. Mashine ikadhani ni vile vidoti vya pale vinaimba kwa nguvu kupita wenzao, ikavipunguza. Sasa vinapunguza kifua cha kila mtu, na panapopungua panaonekana peupe. Maharage yalibaki mkononi mwa Tabita. Akaweka ungo chini.

"Yule mama wa Itaka aliyegawa vitenge."

"Nimempitia njiani nikamwambia. Anahangaika kuvidai. Dada yake mmoja ameshashona."

Boazi akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu, wote wawili wakangoja kiishe. "Shemeji," akasema akifuta midomo, "umemwosha huyo mke mwenzio wa shaba mpaka ngozi imetoka."

"Nyamaza wewe!" Tabita alisema, na machozi yakawa yanamtoka.

"Usilie, Mama Luka," Osea akasema. "Huoni? Kama wingu ni la jiwe lako, basi si la pafu lake."

Tabita akainua uso. Ndipo alipoelewa, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti kwa kosa lake mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila alipoomba, aliomba lawama iwe yake. Alisema hivyo hivyo, mezani, watoto wa jirani wakisikia: "Baba, iwe ni mkono wangu."

Lakini lilikuwa tumaini la kukisia tu. Daktari Ambilikile alibandika karatasi mlangoni kwamba picha za vifua zimesimama. Boazi aliandikiwa rufaa ya Mbeya apigwe picha nyingine, akapewa tarehe ya wiki tano mbele, na kikohozi hakikuwa na habari za tarehe. Aliambiwa atulie, hakutulia. "Kama ni mashine," alisema, "narudi Galula Jumatatu. Shimo langu wenzangu watalichukua." Na Osea alijua kwamba akirudi kwenye vumbi lile na wingu la kweli kifuani, amerudi kuzikwa.

Ilitakiwa shaba nyingine. Osea alijaribu bila shaba, mwanga ukazidi, vidoti vyote vikapofuka kwa pamoja. Akajaribu bati la bapa tabaka tatu, kompyuta ikaandika maandishi mekundu ikakataa. Akafungua daftari la kalamu ya bluu, akasoma kila ukurasa. Mahali pengine Raphaeli alikuwa amechora kwaya, vijitu vya vijiti vimefumbua midomo. Osea alitazama mchoro ule, akasema, "Mzee, ungeniachia na namba ya simu ya huko uliko."

Asubuhi yake akaenda Tunduma.

Anayeijua Tunduma ya miaka ile anajua foleni ya malori. Yanatoka Zambia na ng'ambo yake, yamepakia shaba ya kupeleka bandarini, yanasimama kuanzia mpakani mpaka huko kwenye mahindi ya watu. Osea alitembea kando yake zaidi ya nusu saa. Tani na tani zilimpita begani, zimefungwa mikanda ya chuma, zimefunikwa turubai na kupigwa lakiri. Yeye alikuwa anatafuta kipande kama sinia.

Alikwenda kwa Shaban, wakala wa forodha, mtu wa Kigoma aliyehamia Tunduma zamani. Mwaka 2012 alianguka na pikipiki maeneo ya Itaka na mguu wake ukapigwa picha na Osea. Alikuwa kwenye duka la vitenge la mkewe Fatu, anakunywa kahawa.

"Dokta Osea! Umekuja kunivunja wa pili?"

"Nimekuja kutafuta shaba."

Shaban alishika meza kwa kucheka. "Fatu, njoo usikie! Mtu wa Mungu amekuja Tunduma kuulizia shaba. Mzee wangu, geuka nyuma yako. Hiyo yote unayoiona ni nini, viazi?"

"Nataka nyembamba," Osea akasema kwa unyenyekevu, na akaeleza yote, mpaka jiwe la mlango.

Shaban akaacha kucheka. Zile za kwenye lori, alisema, ni nene kama kidole, zina namba, zimehesabiwa moja moja, na ikipungua moja dereva analala ndani. Akazungusha kikombe chake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini kipo kipande. Chembamba. Kwa rafiki yangu, hapo nyuma."

"Kimetokaje?"

"Kimeshuka chenyewe, mzee. Kilichoka safari."

Osea alitazama viatu vyake. Alikuwa mzee wa kanisa, mwaka wa kumi na mbili. Alimwona Boazi wa miaka sita, siku waliyomzika mama, ameshika pindo la koti lake asiliachie. Akasikia sauti yake mwenyewe inasema, "Nikione."

Kililetwa kwenye gunia. Osea hakukitazama, alifumba macho akakipapasa kwa vidole vyake vyenye rangi ya chai, polepole, toka ukingo hadi ukingo. Palikuwa na vilima na mabonde. Waliokitoa walikuwa wamekigonga kwa nyundo kukinyoosha kiingie kwenye gunia.

"Kimegongwa," akasema. "Hakifai."

Shaban akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, wewe hata ukiamua kutenda dhambi huna bahati."

Osea aliketi kwenye kigoda cha Fatu, kofia magotini. Aibu ilimjaa. Hakuitenda ile dhambi, lakini moyoni alikuwa ameshakubali, na Mungu alikuwepo. Fatu akamletea maji. "Kunywa, baba. Allah atafungua mlango."

Akaingia mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mnunuzi wake wa siku zote. "Mulishani mukwai," akasalimia, akachagua kitenge cha kijani, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakunja uso. "Hiki kina doa, mama. Angalia hapa."

Fatu hakubishana. Alikishika kitenge akakigeuza, ncha ya kushoto ikaenda kulia, akakiinua tena pale pale dirishani. "Doa limehama?"

"Halijahama."

"Basi ni la kioo, si la kitenge. Lingekuwa la kitenge lingekwenda nacho." Akalamba kidole, akafuta kioo, wote wawili wakacheka.

Osea alisimama, kofia ikaanguka. Alitoka bila kuaga, na Shaban akamkimbilia nayo mpaka barabarani.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Boazi alipigwa picha kifua kikiwa kimegusa ubao. Akisimama sasa kinyume, mgongo ndio uguse ubao, pafu lake la kulia litaangukia upande wa kushoto wa ubao. Wingu la bamba litabaki kulia, maana ni la ubao. La Boazi, kama lipo, litahama naye. Haihitaji shaba wala senti tano.

Ungedhani angekimbia. Lakini alipofika nyumbani alisema amechoka. Siku iliyofuata akasema kuna uzio wa kuziba, akaziba uzio. Siku ya tatu alipalilia kahawa isiyohitaji palizi, na Tabita akamfuata shambani, akasimama kwenye mashina.

"Baba Luka, ulirudi Tunduma na kitu. Nakujua."

"Sikupata shaba."

"Sijauliza shaba."

Akamwambia. Tabita akasikiliza, mikono ndani ya kitenge. "Kwa hiyo kesho tunaweza kujua," akasema.

"Kesho tunaweza kujua."

"Na wewe unaogopa."

"Mpaka sasa ni mashine, Mama Luka. Mpaka sasa bado ni mashine."

Tabita akachukua jembe mkononi mwake. "Jumatatu anarudi Galula," akasema. Basi.

Asubuhi walimweleza Boazi, wakaenda wote watatu. Tabita alibaki barazani, pale pale alipogongea bamba, kwenye kiti cha mbao, na lile jiwe lilikuwepo bado, limezuia mlango usipigwe na upepo. Osea alivihesabu vidoti, akaomba. Sala yake siku hiyo ilikosa maneno, alisema tu "Bwana" mara nyingi.

"Geuka," akamwambia Boazi. "Mgongo uguse ubao."

"Leo tumempa huyu mke wako mdogo mgongo? Atanuna."

"Vuta pumzi, mdogo wangu. Shikilia."

Alishikilia. Osea alitoka, akafyatua, akarudi kwenye kompyuta. Picha ilijitokeza taratibu, kuanzia juu kwenda chini, kama pazia linalofunuliwa. Upande wa kulia wa ubao wingu lilikuwepo, dogo, mviringo, kama yai la kuku. Hilo lilikuwa la jiwe la Tabita. Osea akaanza kushusha pumzi. Kisha picha ikamalizikia upande wa kushoto, na pale lilikuwepo jingine, kubwa, lenye kingo zilizochanika kama pamba. Ndipo alipojua kwamba siku ile ya kwanza yalikuwa mawili, moja limelala juu ya mwenzie, na yeye akayaona ni moja kwa sababu alitaka liwe moja.

Alikaa. Akaitazama kazi yake. Haikuwa na kosa hata kidogo. Ilikuwa picha nzuri.

Boazi alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alitazama uso wa kaka yake, kisha kompyuta, kisha tena uso. Hakujua kusoma picha, lakini alimjua aliyemlea.

"Limehama?"

Osea akaitikia kwa kichwa.

Boazi akamaliza kifungo cha juu, kile ambacho huwa hakifungi. "Basi lile shimo waambie walichukue," akasema. Kisha akaongeza, "Usimwambie shemeji kwa ghafla."

Lakini Tabita alikuwa ameshasimama mlangoni. Wiki nzima Osea alikuwa amemsihi asijilaumu, kwamba ni bahati mbaya, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesahau kumwonya kuhusu bamba. Sasa alimtazama mkewe, mwanamke aliyemnywesha Boazi uji kwa kijiko mama yao alipokufa, na akatafuta ndani yake neno lolote la lawama ambalo angeweza kumpa. Hakulipata.

"Baba Luka," Tabita akasema polepole, kama anayeomba chumvi kwa jirani. "Sema ni jiwe langu."

Osea akamsogelea.

"Sema tu ni jiwe langu."

Osea alimshika mkono mkewe akamketisha kwenye kile kiti cha baraza, Boazi akaketi chini karibu na miguu yake, kama alivyokuwa akiketi zamani akichanwa nywele. Tabita akaweka kiganja kifuani pa Boazi, upande ule wa kulia, juu, chini kidogo ya mfupa wa bega, akakiacha hapo. Osea alibaki amesimama. Wagonjwa walikuwa wameanza kufika, wanasalimia, wanauliza kama picha zimeanza. Alisogeza lile jiwe kwa mguu, mlango ukajifunga nyuma yake.